Siku Arobaini na Moja za Mvua

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimeshaondoka. Sisi huku hatujambo. Bosi sasa ana meno mawili chini na moja juu linachungulia, na anauma watu bila ubaguzi. Jana kamuuma baba yake gotini mpaka mwenzangu akaangusha msumeno. Baba Bosi anakusalimu sana, anasema lile kabati lako la vitabu limebaki kupakwa vanishi tu. Mimi mkewe nakwambia ukweli: limebaki kupakwa vanishi tangu mwaka jana.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu sisi tunasalimiana mpaka inakatika, na lenyewe la kusema linabaki mdomoni.

Watu wako walifika. Walikuja wawili wenye fulana zilizochorwa wingu, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikawapenda hapohapo. Nikawatolea lile sanduku la bati chini ya kitanda. Shangazi, sikuwa nimelifungua tangu tulipomzika baba. Madaftari yote thelathini na moja yamo, moja kwa kila mwaka, na harufu yake ni ileile ya mafuta ya taa na sabuni ya kufulia. Wakayapiga picha ukurasa kwa ukurasa juu ya meza ya dirishani, siku nzima, mimi nawapelekea chai na Bosi anawatambalia miguuni.

Yule dada akaniuliza, "Huyu mzee alikuwa anapima kila siku?" Nikamwambia kila siku, saa tatu kamili asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe. Majirani walikuwa wanarekebisha saa zao wakimwona anavuka uwanja kwenda kwenye kile kipima mvua chake. Nikamwambia walivyokuwa wanamwita Mzee Milimita, na watu wakipita njiani wanapaza sauti, "Mzee, leo ngapi?" naye anajibu kama anatoa siri ya serikali, "Saba na nusu." Akacheka mpaka akaweka kamera chini.

Walipoondoka nilikaa na lile sanduku kidogo. Nilimkumbuka baba alivyonifundisha kusoma ile chupa ya kipima mvua. Nilikuwa naiangalia kwa juu, nimesimama. Akasema, "Usiyatazame maji kama unayadharau. Piga magoti, macho yako yalingane nayo." Mpaka leo nikipima dawa ya Bosi kwenye kijiko napiga magoti, mume wangu ananicheka.

Niambie hizo picha mnazifanyia nini, nami niwe na la kujibu nikiulizwa kisimani.

Ni mimi mwanao,
Chiriku

*

3 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Kikohozi nacho kinakusalimu, kimekataa kuhama. Mwambie Baba Bosi nimeshanunua vitabu vya kujaza makabati mawili, achague kama anataka kuaibika mara moja au mara mbili. Huyo mjukuu wangu muacheni aume.

Umeniuliza tunafanya nini. Nitakueleza kama ningemweleza mama yangu, yaani bibi yako, ambaye hakuvumilia maneno marefu.

Tuko watafiti kumi na wanne kutoka nchi tano. Chumba chetu kina meza saba, feni moja inayolia kama mbuzi, na maboksi mpaka dirishani. Ndani ya maboksi ni madaftari ya watu kama kaka yangu: makarani wa reli, walimu, watunza mabwawa, watu waliopima mvua miaka na miaka na hakuna aliyewaambia asante. Kwa muda mrefu wataalamu wa mbali walikuwa wanatuambia mvua zetu zitakuwaje bila kuuliza zilikuwaje. Sasa tumesema tuanze na hawa wazee. Nchi hii inaleta madaftari yake, ile inaleta yake, tunayalinganisha, tunabishana, tunakula karanga, tunabishana tena.

Tunachokitafuta ni mvua za mtego. Wewe unazijua: inakuja wiki moja nzuri, watu wanafurahi, wanapanda, halafu mbingu inafunga mwezi mzima na mbegu inakufa ardhini. Tunahesabu zimetokea mara ngapi, ili tuandike kalenda ya kupanda ya bonde lenu. Mkiambiwa tarehe fulani, basi iwe ni tarehe ya kuaminika.

Sasa sikiliza, kuna jambo. Mwaka ule nilioondoka kwenda kusoma ng'ambo, daftari la kaka linasema mvua ilianza vizuri, ikakata siku sita, halafu siku arobaini na moja mfululizo hakuna wiki iliyokosa. Lakini daftari la bwawani, kilomita ishirini na tano kutoka kwenu, lina sifuri tupu siku hizohizo. Mwenzangu mmoja kutoka nchi jirani, tunamwita Mama Grafu kwa sababu hasemi bila kuchora, anasema kituo cha kaka yangu kina kasoro na pengine kitolewe chote. Chote, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja.

Mimi nina ushahidi wangu. Barua ya kaka ya miezi ileile ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya cheti changu. Ameandika: "Mvua tumepata, mahindi yamefika magotini, wewe soma." Kaka yangu hakuwahi kunidanganya. Lakini Mama Grafu anasema barua ya ndugu si kipimo.

Wewe ulikuwa na miaka tisa au kumi. Unakumbuka nini?

Shangazi yako

*

30 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku ya gulio, nikaisoma nimesimama na kikapu kichwani. Bosi alipata homa ya meno siku nne, sasa ameshapona na anatafuta wa kumuuma. Mume wangu ameanza kupaka vanishi. Amepaka mlango mmoja.

Nilimsomea mama mkwe habari za wale wataalamu wa nchi tano na karanga zao, akafurahi sana, akasema kumbe na wasomi wanabishana kama sisi. Akauliza feni inawezaje kulia kama mbuzi.

Umenikumbusha siku ulipoondoka. Nilikuwa nimevaa lile gauni la kijani ulilolipunguza kutoka kwenye sketi yako. Ulinipa penseli yako yenye kifutio, ukaniambia nisiikate nchani kwa meno. Bibi alikufungia mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa na wewe ukayasahau mezani, basi baba akakufuata nayo kwa baiskeli. Alivyorudi, mayai alikuwa nayo bado. Alisema alikukuta tayari umekaa dirishani mwa basi, akaogopa akikuita utashuka. Tukayala sisi.

Na baba alivyokuwa akiosha kile kipima mvua kila Jumamosi kwa kitambaa kilaini, kama anamuosha mtoto. Buibui akiingia humo hamuui, anamtoa kwa jani, anamwambia, "Nenda kapime kwako." Nyumba ilikuwa ndogo, Shangazi, lakini sikumbuki kama tuliwahi kubanana.

Mwaka ule nilikuwa mdogo. Mambo mengi yamechanganyika.

Uniambie kama unakunywa kile kitunguu saumu na asali nilichokuelekeza.

Mwanao,
Chiriku

*

22 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Kitunguu saumu nakunywa, na wenzangu wamehamisha meza zao.

Habari ya mayai sikuijua. Nimeisoma ofisini, na ikabidi nijifanye nimeingiwa na vumbi.

Nikuambie yaliyotokea. Tulikaa kikao siku mbili juu ya kituo cha kaka. Mama Grafu akachora michoro yake, mistari miwili, mmoja umelala chini na mmoja umepanda. Akasema, "Mvua haiwezi kuruka bwawa namna hii." Mimi nikasimama. Sijawahi kumtetea mtu mbele ya watu kama nilivyomtetea kaka yangu. Niliwaambia mvua za bonde ni za ukaidi, inanyesha huku na kule kukavu, hilo kila mkulima analijua. Niliwaambia huyu mtu alikuwa akipiga magoti mbele ya chupa ya maji kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Nikawasomea barua. Mwisho wake, kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa kundi, na pengine kwa kuwa walinionea haya, wamekubali. Namba za kaka zimebaki. Ni za bwawani ndizo zimewekwa pembeni. Mama Grafu amekusanya michoro yake na tangu siku hiyo ananisalimia kwa kichwa tu.

Kwa hiyo kalenda inatengenezwa kwa daftari la baba yako. Inasema mvua za mtego bondeni kwenu ni chache kuliko tulivyodhani, na mnaweza kupanda wiki ya kwanza ya Oktoba. Afisa ugani atawaletea karatasi.

Uliniandikia kurasa mbili na jibu la swali langu halimo. Si kitu, mtoto wa miaka tisa atakumbuka nini. Ila naomba unitumie lile daftari lenyewe la mwaka ule. Agosti tunakutana na wenzetu wote wa nchi tano, nataka waone mwandiko wake.

Shangazi yako anayejivuna

*

18 Juni

Chiriku,

Sijapata daftari wala barua. Kwenye simu umeniambia mambo ya Bosi dakika kumi na mbili halafu ukasema kuna mtu anabisha hodi. Unaumwa? Mumeo amekukosea? Andika hata mstari mmoja.

Shangazi

*

9 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Siumwi, na mume wangu hajanikosea. Bosi amesimama peke yake, akatazama huku na huku kama amefika mji mgeni, akakaa. Kabati limekwisha, linang'aa, mtu anaweza kujitazama humo akasuka nywele.

Barua hii nimeianza mara tatu.

Karatasi ya kalenda ililetwa mwezi uliopita. Mume wangu ameibandika kwa misumari midogo ndani ya mlango wa karakana, na watu wanakuja kuisoma. Anawaambia, "Hii ametengeneza shangazi yake mke wangu, na namba ni za Mzee Milimita mwenyewe." Watu wanaitikia kwa kichwa, wanasema kama ni Mzee Milimita basi yamekwisha. Jirani yetu mwenye watoto sita ameshaanza kulima upande wa chini. Kila nikimsikia akipiga jembe moyo wangu unashuka.

Shangazi, mwaka ule haikunyesha.

Wewe uliondoka, na wiki tatu baadaye baba alianguka kutoka juu ya paa alipokuwa akiziba bati. Mguu ulivunjika mara mbili. Akapelekwa hospitali ya wilaya, mama akaenda kumuuguza, wakakaa huko zaidi ya miezi miwili. Alikataza usiambiwe. Mimi nikabaki na bibi, na baba akanikabidhi kipima mvua. Alisema, "Saa tatu kamili. Andika kwenye kikaratasi, mpe dereva wa gari la maziwa, ataniletea." Daftari alikwenda nalo yeye.

Ilinyesha wiki moja, nikapima vizuri, nikapiga magoti. Halafu ikakata. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, siku sita, nikatuma. Dereva alivyorudi akaniletea salamu za mama: baba yako amesoma karatasi, amegeukia ukutani, hajala tangu jana.

Nilikuwa na miaka tisa. Kesho yake nikaandika kumi na mbili.

Salamu zikarudi kwamba baba amecheka, amekunywa uji bakuli zima, amemwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba kwake kunanyesha. Shangazi, mimi ningefanyaje? Nikaandika tena. Nilijifunza kuzipanga, leo nne, kesho ishirini, keshokutwa sifuri ili ionekane kweli. Bibi hakujua kusoma. Alikuwa akiniuliza, "Umemwandikia nini?" namwambia, "Nimemwandikia hatujambo." Naye anatazama shamba limekauka, anasema vizuri. Kalamu sikuwa nayo. Niliandika kwa penseli uliyoniachia.

Ile barua yako, ya mahindi kufika magotini, aliandika akiwa kitandani hospitali. Mahindi yale nilimpa mimi. Hakuna hindi lililofika popote.

Aliporudi na magongo, alishuka kwenye gari akasimama anatazama shamba. Mimi nilijificha nyuma ya jiko. Nilingoja anichape, nilingoja aniulize. Hakuuliza siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka anakufa. Kesho yake saa tatu alikwenda kwenye kipima mvua kwa magongo, akaniita nimshikie chupa kama kawaida. Mimi nikajiambia hakujua. Nimejiambia hivyo miaka yote hii.

Juzi nikatoa daftari nilifunge nikutumie. Sikuwahi kulifungua la mwaka ule. Sijui kama wewe ulipata kuijua desturi yake: alichokiona kwa macho yake anaandika kwa kalamu, alichoambiwa anaandika kwa penseli. Akija kuhakikisha mwenyewe, anapitisha kalamu juu ya penseli. Shangazi, siku zangu zote arobaini na moja za uongo ziko kwa penseli. Ile wiki ya kwanza ya kweli na zile sifuri sita amezipitishia kalamu, lazima aliwauliza watu. Zilizobaki hakuzigusa. Hakuzifuta, hakuzikata. Aliziacha vilevile.

Nadhani watu wako hawakuona kwa sababu picha zao ni nyeusi na nyeupe.

Nakutumia sanduku lote, madaftari yote, wasije wakasema nimeficha jingine. Kama watamtoa baba kwenye kazi yenu, watakuwa wametoa miaka thelathini na mmoja kwa sababu yangu. Lakini siwezi kumwona jirani yangu anapanda kwenye uongo wangu halafu nimsalimie.

Unisamehe. Na usiponisamehe uendelee kunywa kitunguu saumu.

Chiriku

*

2 Agosti

Sanduku limefika salama. Barua nimeisoma. Usiniandikie kwanza, na simu usinipigie. Nitakuandikia nikiweza.

Shangazi

*

5 Septemba

Chiriku wangu,

Salamu zako za barua ile sikuziitikia. Marahaba, mwanangu. Marahaba ya mwezi mzima.

Najua ulivyoipokea ile karatasi yangu ya mistari mitatu. Sikuwa nimekasirika. Au nilikuwa nimekasirika, sijui. Nimejaribu kukulaumu, nimejaribu kukushukuru, kila moja limedumu nusu siku.

Nikuambie kitu ambacho hata kaka hakukijua. Mwezi ule huko ng'ambo nilikuwa nimefunga virago. Nilikuwa nimeanguka mtihani wa kwanza, baridi imenishinda, chumba ninacholala hakuna mtu aliyewahi kulitamka jina langu sawasawa. Nilijiapiza, nikisikia neno moja baya kutoka nyumbani, narudi. Barua ya kaka ikanikuta sanduku liko mlangoni. Mvua tumepata, wewe soma. Nikafungua sanduku, nikatundika nguo upya. Kumbe ilikuwa mvua yako. Kaka amelala mguu umefungwa, mama yangu anatazama shamba limekauka, na mimi natundika nguo. Na nilipokuja likizo miaka miwili baadaye nikamwona anachechemea, aliniambia ni mpira, amecheza na watoto. Nikamcheka. Nilimwambia uzee huo.

Hilo ndilo lililonifanya nikwambie usiniandikie.

Sasa ya kazini. Siku ya kikao nilisimama mbele ya nchi tano nikasema nimekosea. Nikawasomea barua yako yote, isipokuwa ya kitunguu saumu. Hata feni ikapata adabu. Halafu mmoja akasema, kwa upole, kwamba kama siku arobaini na moja ni za kutunga, nani atatuhakikishia zilizobaki? Basi kituo kizima kitoke. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hoja yake ilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyewafunza kuuliza hivyo.

Aliyewazuia ni Mama Grafu. Alisema, "Lileteni sanduku."

Alikaa nalo siku tisa. Madaftari yenyewe, si picha. Anafungua dirishani, anainamisha ukurasa kwenye mwanga, anatazama penseli na kalamu. Hakuchora kitu. Siku ya tisa akaja mezani kwangu akasema, "Ndugu yako ameandika penseli siku mia moja na kumi na mbili katika miaka thelathini na mmoja. Sabini na moja ameziuliza, akazipitishia kalamu. Arobaini na moja ameziacha. Katika maboksi yote ya nchi tano sijaona mpimaji mwingine aliyetuonyesha alichokuwa hakijui." Halafu akavuta kiti akakaa, na tukala karanga.

Kwa hiyo kaka amebaki, Chiriku. Siku zako zimetolewa, hatukuzifanya sifuri, maana hakuna aliyepima, zimeachwa wazi. Namba za bwawani zimerudishwa. Zaidi ya hapo, Mama Grafu amewaandikia wenzetu wote warudi kwenye madaftari yenyewe watazame penseli, na nchi mbili zimeshagundua kwamba wazee wao walikuwa na desturi kama hiyo. Kalenda ya mwezi Juni ing'oeni mlangoni. Mpya inasema msipande kabla ya wiki ya mwisho ya Oktoba.

Chini ya ukurasa wa kituo chenu kuna maelezo kwa maandishi madogo. Niliandika mimi: "Kituo hiki kilisomwa na mtu mmoja kwa miaka thelathini na mmoja, isipokuwa siku arobaini na moja, ambazo ziliandikwa na binti yake mwenye miaka tisa, kwa mapenzi." Mama Grafu amefuta hayo maneno mawili ya mwisho. Anasema hayapimiki. Mengine ameyaacha.

Nina deni la kuja. Sijaja tangu mazishi, na wewe hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nitakuja Desemba, nilale chumba kile kidogo. Kabati mtalibeba wenyewe.

Shangazi yako

*

3 Oktoba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Bosi anatembea, hatua nne halafu anapiga makofi mwenyewe. Chumba kidogo nimeshakifagia, ingawa Desemba bado. Dirisha lake mume wangu amesema litarekebishwa, kwa hiyo njoo na shuka nzito.

Ya mpira nilikuwepo alipokwambia. Alipoona umecheka, naye alicheka kweli, Shangazi. Hilo nakwambia kwa kalamu.

Sasa ya kalenda. Karatasi mpya ilifika, na ikaleta ugomvi. Wiki iliyopita imenyesha siku nne, mvua nzuri ya kunukia, na watu wameshika majembe. Wanasema hawa wataalamu juzi wametuambia wiki ya kwanza, leo wanatuambia ya mwisho, wanacheza na sisi. Jirani yangu mwenye watoto sita ameshaloweka mbegu. Mume wangu akawaambia ni kosa la hesabu, wakamjibu basi atengeneze kabati la hesabu.

Ukaitishwa mkutano chini ya paa la ghala. Afisa ugani akaongea, hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nyuma na Bosi mgongoni. Sikuwa nimepanga. Nikajikuta nimesimama, nikasema, "Hawajacheza na nyinyi. Aliyewadanganya ni mimi." Nikawaeleza yote, hospitali, vikaratasi, gari la maziwa. Nikawaambia mwaka ule wengi wenu mnaukumbuka, na kwa karatasi zangu kitabu cha baba kinasema kulinyesha.

Bibi mmoja anayeuza chumvi, ambaye hana hata jino moja, akanigeukia akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Mwaka ule sisi tunachimba mizizi," akasema, "wewe umekaa unaandika mvua?"

"Ndiyo, bibi."

"Ngapi?"

"Nyingine ishirini. Nyingine thelathini."

"Thelathini," akasema, akawageukia wenzake. "Mwaka ule tungepata thelathini, mimi ningekuwa na meno."

Watu wakacheka, Shangazi, wakacheka mpaka Bosi akaamka akalia. Jirani yangu hakucheka. Aliniuliza tu, "Sasa wewe nyumbani kwako unapanda lini?" Nikamwambia wiki ya mwisho, mbegu ziko kwenye debe, hazijaguswa. Akasema basi na yeye atazianika zile alizoloweka, kama zitakubali. Halafu wakaendelea na habari ya daraja.

Mvua imekata tangu Jumapili. Leo ni siku ya tano, jua kali, udongo umeanza kupasuka pembeni. Nimetoka asubuhi nikasimama shambani kwetu ambako hakuna kitu, na nimefurahi kwamba hakuna kitu.

Wanangoja wote, mpaka yule bibi wa chumvi.

Ni mimi mwanao,
Chiriku